Nyuzi Nne, Asubuhi na Jioni

Shella, Malindi

Rukia,

Assalaam aleikum. Salamu nakutolea kwa kuwa ni haki yako, si kwa kuwa moyo wangu umetulia. Umekwenda Kilifi na shangazi zako kuaga watu, nyumba iko kimya, nami niko kwenye meza ya jikoni na karatasi hizi tangu adhuhuri. Kesho babako atakupeleka Mombasa kupanda ndege. Mimi sitakuja. Ulisema nisije, na nilikusikia.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kula kwa wakati. Hayo shangazi zako wameshakwambia mpaka umechoka. Nakuandikia kuhusu Ijumaa, na kuhusu Sidi. Babako ndiye atakayekupa bahasha hii njiani, na nimemkataza asikupe kabla hamjavuka daraja la Kilifi, maana nakujua: ungegeuza gari urudi kunijibu. Sitaki jibu. Siku nne umenijibu kwa kunyamaza, ukipitisha maneno kwa babako kama mimi ni mpangaji wa chumba cha uani. Sasa ni zamu yangu.

Ijumaa watu walikuwa wamejaa sebuleni, pilau imeshaliwa, Swaleh wa shangazi yako akatoa simu yake akasema, "Nyamazeni nyote, nimeipata barua ya Rukia aliyoombea nafasi ya kusoma. Wazungu wameipenda mpaka wameiweka kwenye mtandao wao." Akaanza kusoma, sentensi kwa sentensi, akimfasiria nyanyako kwa Kiswahili. Mwanzo nilitabasamu. Peptidi, homoni, vipokezi, maneno uliyoanza kuyaleta nyumbani ukiwa kidato cha pili. Halafu akasoma: "Mamangu ni muuguzi. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mwanamke aitwaye Sidi alitokwa na damu mpaka akafa mikononi mwake, kwa sababu dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ilikuwa imeharibiwa na joto. Mamangu hakujua."

Shangazi zako wakaguna kwa huruma. Nyanyako akanishika goti. Nikaenda jikoni, ukanifuata.

Nilikuuliza, "Nani alikupa ruhusa?"

Ukasema, "Mama, nilikutetea. Nimesema hukujua."

"Jina lake umeliandika la nini?"

"Ni jina tu, Mama. Nani huko anamjua Sidi?"

Nikakwambia umemfanya maiti ngazi. Ukaniambia mimi ndiye niliyenyamaza miaka kumi na miwili, na kwamba angalau wewe umefanya kitu. Halafu ukauliza, kwa ile sauti yako ya darasani, "Ulitaka niseme nini? Kwamba ulijua?"

Nikakupiga kofi. Mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, mwenye shahada mbili, mbele ya sinia za wageni. Sijakuomba radhi, na katika barua hii sikuombi. Lakini una haki ya kujua kwa nini mkono wangu ulinyanyuka wakati ule na si kabla. Ni kwa sababu uliuliza swali la kweli, na jibu lake ni ndiyo.

Nilijua.

Sikiliza ilivyokuwa. Kituo kile cha bara sitakitaja, unakifahamu. Friji yetu ilikufa Jumatano, mwezi wa Machi, joto la mabati linakupika ukiwa umesimama. Chanjo tulizitia kwenye sanduku la barafu, zikapelekwa kituo cha jirani siku ileile, maana chanjo zina watu wa kuziulizia. Boksi la dawa ya leba, ile ya kukaza mfuko, likabaki kwenye rafu. Na haikuwa mara ya kwanza. Vichupa vile vilishapitia joto la Februari, friji ilipokufa na kufufuka mara mbili.

Mlangoni pa friji kulikuwa na karatasi ya kuandika nyuzi za baridi, kisanduku cha asubuhi na kisanduku cha jioni. Mkuu wa kituo akaniambia, "Sista Maimuna, wakaguzi wanakuja wiki hii. Karatasi isiwe na mapengo." Hakusema niandike uongo. Hakunishika mkono. Nilichukua kalamu nikaandika nne, baridi inayotakiwa. Nyuzi nne asubuhi, nyuzi nne jioni. Siku sita, Rukia, mbele ya friji iliyokuwa na joto kama kabati la nguo. Wakaguzi wenyewe hawakuja.

Sidi aliletwa Jumanne kabla ya jua kutoka, na mamake, Bi. Kache. Mimba ya kwanza, umri wa miaka ishirini. Walikuja mapema, na hili nataka ulishike: uchungu ulikuwa ndio kwanza umeshika njia. Bi. Kache alikuwa mtu wa maswali. Huyu mtoto amelalaje, mbona anatetemeka, hiyo dripu ni ya nini. Mimi sikuwapenda watu wa maswali. Nilikuwa nimefanya kazi mfululizo, mwenzangu yuko likizo, na gari la kituo lilikuwa linateremka Malindi saa tisa; likiniacha, ni mpaka kesho yake. Usinitafutie sababu kubwa. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda nyumbani.

Saa mbili asubuhi nikamtundikia dripu yenye dawa ileile, ili uchungu uende mbio. Saa nne nikaongeza matone. Saa sita nikaongeza tena. Kwenye saa saba Bi. Kache alisimama mlangoni akasema, "Sista, mwanangu amechoka. Kwani hamuwezi kumpeleka Malindi? Gari nimeliona pale nje."

Nikamjibu, "Hapa nani sista, mimi au wewe?"

Akanyamaza, akaenda kukaa kwenye benchi. Kumnyamazisha mtu ni kazi niliyoijua vizuri.

Mtoto alitoka saa nane na dakika chache, msichana, analia vizuri. Kondo likatoka. Nikamdunga Sidi kichupa cha kwanza, nikaweka mkono tumboni nikingoja mfuko ukaze uwe mgumu kama ngumi. Haukukaza. Kichupa cha pili. Cha tatu. Chini ya kiganja changu kulikuwa na kitu laini, kisichonisikia. Vidonge vya akiba vya kuzuia damu vilikuwa vimekwisha wiki ile. Nilimkanda, nilimfinya kwa mikono miwili, nilimwita mkuu wa kituo, tukamtundikia maji kwenye mikono yote miwili. Damu ilikuwa inatoka bila haraka na bila kusimama. Sidi aliniuliza, "Sista, ni kawaida?" Nikamwambia ni kawaida.

Gari nililolitaka kwa safari yangu ndilo lililombeba, nami kando yake. Hakufika Malindi.

Nilirudi nyumbani Jumatano asubuhi. Ulikuwa umejiinamia uani unafua soksi za shule, ukaona damu kwenye viatu vyangu. Ukauliza, nami nikakwambia, "Kuna mwanamke, Sidi, katokwa na damu akanifia mikononi, dawa iliharibika kwa joto." Halafu nikaingia kuoga. Sentensi hiyo moja ndiyo niliyokupa, nawe ukaichukua ukaijengea maisha. Nilikuona ukiijenga. Ulimuuliza mwalimu wa kemia kwa nini joto linaharibu dawa. Ulipoingia chuo ulirudi likizo ukachukua shanga za nyanyako, ukazipanga tisa juu ya meza hii, ukaniambia homoni ile ni peptidi, mnyororo mfupi tu wa vipande tisa, na joto linauharibu. Ukaniambia watu wameshapata ndugu yake anayestahimili joto, na nyinyi mnatafuta wengine, wazuri zaidi, wanaokaa vyema kwenye vipokezi. Macho yako yalikuwa yanang'aa. Mimi nikasema "Mashallah" nikaanza kukuna nazi.

Siku nyingine ulinieleza jambo ambalo nusura linitoe machozi mbele yako. Ulisema juu ya misuli ya mfuko wa uzazi kuna vipokezi, vitu kama vitasa, na homoni ndiyo funguo. Ukivigonga kwa saa nyingi bila kupumzisha, vinaingia ndani na kujificha, na hapo hata ukileta dawa safi kiasi gani, mfuko hausikii. Sisi shuleni kwetu tulifundishwa kwamba mfuko ukivutwa sana huchoka. Hatukufundishwa kwa nini. Wewe uliponieleza, nilihesabu kimoyomoyo: saa mbili mpaka saa nane. Saa sita nilizokuwa namvuta Sidi kwa sababu ya gari. Ukaniuliza, "Umenielewa, Mama?" Nikakwambia akili yangu imezeeka. Nilikuelewa kuliko maprofesa wako.

Kwa hiyo sijui ni kipi kilimuua zaidi. Huenda vichupa vilikuwa vimepoteza nguvu. Huenda nilivichosha vile vitasa vyako kwa dripu. Huenda angefika Malindi saa nane angali mzima kama ningemsikiliza mamake. Wewe mtafiti ungetaka kutenganisha sababu moja moja. Mimi siwezi. Zote zilipita mkononi mwangu.

Sasa lile ambalo hukuliandika kwa kuwa hukulijua, na ndilo baya kuliko yote. Baada ya wiki mbili kulikuwa na kikao cha kuchunguza kifo. Wakaomba karatasi ya friji. Ilikuwa safi, nne, nne, nne. Wakauliza basi tatizo ni nini. Mkuu wa kituo akaangalia meza. Mtu mmoja akasema hawa watu wa bara huwa wanachelewa kuleta wagonjwa. Ikaandikwa: mgonjwa alichelewa kuletwa. Nikapewa kalamu nikatia sahihi. Siku ya pili yake mtu wa kituo alitumwa kwa kina Sidi kuwaeleza matokeo, na akayaeleza hivyohivyo.

Ndiyo maana neno lako lilinichoma. Kama ungeniita muuaji ningekaa nikakusikiliza. Wewe ukaniita mjinga, kwa mapenzi, mbele ya Wazungu, na wakakupa nafasi kwa ajili hiyo. Ukanisafisha kwa uongo wangu mwenyewe.

Na wewe pia una lako, usijifanye huna. Mwaka jana ulinilalamikia miezi mitatu kwa sababu ya fomu za idhini. Kila mama aliyejifungua ilibidi aelezwe, asome au asomewe, atie sahihi, ndipo mchukue kwa utafiti wenu kipande cha kondo ambacho kingetupwa. Ukasema ni usumbufu lakini ni haki. Haya. Kwa kondo unaomba idhini. Kwa Sidi mzima, na jina lake, na damu yake, na kifo chake, ulimwomba nani? Bi. Kache yuko hai. Ni safari ya saa moja na nusu kwa bodaboda kutoka Malindi. Ulifika Nairobi, umefika Kampala kwenye mkutano, unakwenda Ujerumani. Kule hukufika.

Jingine. Katika barua yako umeandika kwamba ikipatikana homoni isiyoogopa joto, akina Sidi hawatakufa tena. Nilitaka kucheka, kicheko kibaya. Mwanangu, ulete dawa inayokaa juu ya jiko miaka kumi bila kuharibika. Mtu kama mimi atatafuta karatasi nyingine ya kuandika nne. Ataandika dripu ilianza saa sita. Ataandika mama alikataa kupelekwa hospitali. Hakuna peptidi itakayomfanya sista aliyechoka amsikilize mama wa bara aliye mlangoni. Hilo usiwafiche watu wa huko. Waambie.

Hata hivyo sitakudhulumu. Dawa hiyo ingekuwepo siku ile ndani ya kabati letu la moto, huenda Sidi angekuwa anapika chakula cha mchana sasa hivi, na mimi ningebaki vilevile, mwongo na mkali, bila mtu kufa. Hiyo ni faida kubwa. Kwa hiyo fanya kazi hiyo, na uifanye kwa bidii. Hasira zangu si za kazi.

Nimefikia jana. Babako alikwambia nimekwenda kwa fundi cherehani. Nilimwambia aseme hivyo, nami namtoa lawamani. Nilikwenda kwa Bi. Kache.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Amekonda, macho yana ukungu, lakini sauti ni ileile. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akasema, "Wewe ni sista."

"Ndiye mimi."

"Wa siku ile."

"Wa siku ile, Bi. Kache."

Hakunikaribisha kiti. Nikakaa chini kwenye ardhi nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, friji, karatasi, dripu, gari, sahihi. Nilipofika kwenye ile sahihi aliacha mahindi. Mjukuu wake, yule msichana, alikuwa shule. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Halafu akasema, "Nilijua u mkali. Sikujua u mwongo."

Nikamwambia ana haki.

"Wewe usinipe haki. Sikiliza. Mume wangu alifika kutoka kazini Kikambala, wakamwambia mtoto alicheleweshwa. Akaniuliza, ulikuwa unafanya nini? Nikamwambia tulifika giza halijatoka. Akasema hospitali wameandika. Hakulala nami chumba kimoja tena. Miaka tisa ananiambia nimemuua Sidi, mbele ya watoto, mbele ya mashemeji. Amekufa juzi tu, mwaka wa tatu huu, na siku ya mwisho hakutaka nimshike." Akaniangalia. "Sasa mimi nikamwambie nani?"

Rukia, nimekaa kwenye vitanda vya watu wanaokata roho miaka ishirini na sita. Hao huwashika mkono.

Nilitaka kumgusa mkono, akausogeza. Akasema, "Usilie hapa." Akaendelea kupukuchua, kisha akanipa amri, na alikuwa na kila haki ya kuniamuru. Jumamosi saa nne asubuhi atawaita wanawe, mashemeji zake na wazee wa ukoo. Nitasimama niyaseme tena yote mbele yao. "Na si kwa Kiswahili chenu cha hospitali," akasema. "Useme Kigiriama, neno kwa neno, kila mtu asikie, asiwepo wa kukufasiria."

Nikamwambia kuhusu wewe pia. Nilimwambia binti yangu ameandika jina la Sidi mbele ya dunia bila kuomba. Akauliza, "Ameandika kwamba nilichelewa?" Nikamwambia hapana, hilo hakuliandika. Akasema, "Basi mwambie anitafute. Nitamjibu mwenyewe kama naruhusu." Namba ya mwanawe mkubwa nimeiandika kwenye karatasi ndogo iliyomo humu. Hukai darasani hata siku moja kabla hujapiga simu hiyo. Hilo si shauri langu, ni amri. Na ukiisahihisha barua yako, maneno ya kuondoa ni yale yanayosema sikujua. Andika nilivyofanya. Usitafute adabu.

Leo asubuhi nilipeleka barua nyingine ofisi ya afya, nikitaja karatasi ya friji na sahihi yangu. Nimebakisha mwaka mmoja kustaafu. Huenda wasiniachie kuumaliza. Babako ameniuliza kama nimefikiri vizuri. Nimemwambia nilifikiri vizuri miaka kumi na miwili, na hayo ndiyo matunda yake.

Ulipokuwa mtoto ulikuwa na tabia ya kunifuata chooni ukiendelea kuuliza maswali nje ya mlango. Nilikuwa nakufokea, "Rukia, niache!" Nilifokea watu wengi kwa maneno hayo. Nataka ujue kwamba lile swali la Ijumaa, nililokulipa kofi, mtu mwingine hakuwahi kuniuliza. Si mkuu wa kituo, si kikao, si babako. Nimekukasirikia na bado nimekukasirikia. Ukifika nipigie nisikie sauti, halafu ukate. Mazungumzo tutayafanya nikiwa tayari.

Nakomea hapa kwa kuwa babako yuko barazani ananingoja. Miaka yote aliyofundisha shule za bara, Kigiriama kilimkaa kinywani, na mimi miaka yote hiyo nilijua cha kuamrisha tu: lala, sukuma, ngoja, nyamaza. Tangu asubuhi ananifundisha kusema kwamba niliandika uongo. Ulimi wangu ni mzito, ananirudisha nyuma kila mara. Siku zimebaki nne, na bado sijajua kulitamka vizuri neno la kuomba watu wanisikilize.

Mamako,
Maimuna